MAISHA YA NYUMBANI: Madoa ya Meno si Uchafu

Katika Grande Barrière, kivuko cha mpakani kilichopo karibu na ufuko wa Ziwa Kivu baina ya Gisenyi na Goma, kazi ya askari na ya afisa wa uhamiaji ni kutazama nyuso. Hutazama picha iliyo kwenye kitambulisho, kisha humtazama mwenyewe, kisha huuliza maneno mawili matatu: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, utarudi lini. Afisa aliyekaa kazini siku nyingi hujifunza kusoma mengi katika majibu mafupi. Mwenye wasiwasi humjua, na mwenye haraka humjua vilevile. Yuko pia kijana wa miaka kumi na mitatu au kumi na mitano ambaye hujibu huku ameinamisha kichwa, na kiganja chake kimeufunika mdomo. Afisa asiye na uzoefu huweza kudhani kwamba kijana huyo anaficha jambo.

Ni kweli anaficha jambo, lakini si la kisheria. Anaficha meno yake ya mbele, yaliyo na michirizi myeupe kama chokaa, au mabaka ya rangi ya kahawia, na pengine vishimo vidogo vidogo kama vya ndui. Hakuiba wala hakusema uongo. Amejizoeza tu kuzungumza na dunia kwa nyuma ya mkono wake, na mazoea hayo hayamwachi hata mbele ya mwenye sare.

Vijana wa namna hii wako katika nyumba nyingi pande zote mbili za mpaka huu, na katika nyumba za askari hawakosekani. Aghalabu mambo huenda hivi. Baba amerudi likizo baada ya miezi kadhaa. Anamwona binti yake amekuwa mkubwa, anamfanyia mzaha ili acheke, naye anacheka kwa kuubana mdomo. Baba anayaona meno. Kwa kuwa amezoea ukaguzi wa buti, vifungo na kitanda, anatoa hukumu papo hapo.

"Mwanangu, huoni aibu? Mswaki umeuweka wapi?"

"Ninapiga mswaki kila siku, baba."

"Usinidanganye. Meno yanayopigwa mswaki hayawi hivyo."

Binti ananyamaza, kwa maana amekwisha kujibu kweli na kweli yake imekataliwa. Kuanzia siku hiyo anasugua asubuhi, mchana na jioni, mpaka ufizi unatoka damu, na baka la kahawia liko pale pale. Mwisho anaamini kwamba kuna uchafu ndani ya mwili wake ambao hauondoki. Laiti baba angejua kwamba doa lile lilitiwa miaka kumi au zaidi iliyopita, wakati mtoto huyo hajui hata kushika mswaki, na kwamba lilitiwa na maji ya kunywa ya nyumba yao wenyewe!

Eneo hili lote limekaa miguuni mwa milima ya moto ya Virunga. Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470 hivi, uko karibu mno na Goma, na jirani yake ni Nyamulagira. Watu wa hapa wanaijua milima hiyo kwa misiba yake: Januari 1977, Januari 2002 ujiji wa moto ulipoingia katikati ya mji wa Goma, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu walipovuka mpaka kwa miguu kuingia Gisenyi. Lakini mlima wa moto hauwadhuru watu siku ya kulipuka peke yake. Moshi wake hubeba gesi zenye floridi. Mvua ipitayo katika moshi huo huichukua gesi na kuiteremsha juu ya mapaa ya mabati, na kutoka huko huingia katika mapipa na matangi. Tena mawe na udongo wa asili ya volkano huwa na floridi, nayo huyeyuka taratibu ndani ya maji ya chemchemi na visima. Upepo wa huko mara nyingi huupeleka moshi upande wa magharibi, na kwa hiyo vijiji kama Rusayo na mji wa Sake hupata sehemu kubwa zaidi kuliko upande wa Rwanda. Hata hivyo watu huhama, huoa, hukimbia vita na kuhamishwa kazini. Mtoto anayesoma Gisenyi leo huenda alinyonya na kuachishwa ziwa mahali pengine kabisa.

Floridi kwa kiasi kidogo ni rafiki wa meno, ndiyo sababu hutiwa katika dawa ya mswaki. Ikizidi katika maji ya kunywa, huwa adui wa jino ambalo bado linaumbwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Meno ya ukubwani huanza kuumbwa ndani ya taya tangu mtoto anapozaliwa. Meno ya mbele ya juu, yale yanayoonekana mtu akicheka, hudhurika zaidi katika mwaka wa pili na wa tatu wa umri. Chonge na magego madogo hukamilika baadaye, yapata miaka sita au saba, na magego ya pili hukamilika kwenye miaka minane hivi. Mtoto akipita umri huo, maji ya namna hiyo hayawezi tena kuyatia madoa meno yaliyokwisha kuumbwa. Mtu mzima anayehamia mahali penye floridi hapati madoa hata akikaa miaka ishirini, ingawa floridi nyingi mno kwa muda mrefu huweza kumdhuru mifupa.

Jambo hili lina maana ya pekee kwa familia za askari, kwa kuwa familia hizo hazikai mahali pamoja. Kaka mkubwa alizaliwa kituo kimoja, dada wa pili akazaliwa kituo kingine, na kitinda mimba akazaliwa baba akiwa amehamishiwa tena kwingine. Basi hutokea katika nyumba moja, kwenye meza moja na mswaki wa aina moja, kwamba mtoto mmoja ana meno ya kahawia na wengine wana meno meupe. Wazazi husema huyu ni mvivu na wale ni wasafi. Lakini meno hayo ni kama daftari la uhamisho: daktari wa meno mwenye ujuzi, akiona ni yapi yenye madoa na ni yapi yaliyo safi, huweza kukisia mtoto alikuwa na umri gani alipokunywa maji hayo. Mwenye madoa katika meno ya mbele na magego ya kwanza, ilhali magego ya pili ni safi, yamkini aliondoka mahali pale akiwa bado mdogo.

Kuna sababu nyingine inayowapoteza wazazi. Meno ya mbele ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita mpaka minane, yaani miaka minne au mitano baada ya madhara kutokea. Tena mara nyingi hayatoki yakiwa ya kahawia. Hutoka yakiwa na weupe wa chokaa, na kwa kuwa gamba lake lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, hunyonya rangi polepole na kugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo mama anayaona yakibadilika mbele ya macho yake, naye analaumu chai, au muwa, au uvivu. Nani angekumbuka pipa la maji lililokuwa nyuma ya nyumba katika kituo cha zamani?

Kosa hili la kutojua halikuanza kwa wazazi wa Kivu, wala aibu hii si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1901 daktari mmoja wa Kimarekani, J. M. Eager, aliyekuwa katika bandari ya Naples nchini Italia akikagua afya za wahamiaji waliokuwa wakielekea Marekani, aliandika taarifa juu ya watu wa eneo lile waliokuwa na meno meusi yenye michirizi. Kazi yake ilikuwa kama kazi ya Grande Barrière: watu wanapita, naye anatazama vinywa na nyuso. Naples nayo iko chini ya mlima wa moto, Vesuvius, na wenyeji wenyewe waliyahusisha meno hayo na moshi wa ardhini.

Mwaka huo huo wa 1901, daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs huko Marekani akakuta wenyeji wengi wana meno ya rangi ya chokoleti, na hakuna aliyejua sababu. Wengine walilaumu nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay aliifuata habari hiyo kwa miaka thelathini. Katika miaka ya 1920 aliitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, ambako wazazi walikuwa wamegundua kwamba meno ya watoto wao yalianza kuharibika baada ya mji kuvuta bomba la maji kutoka chemchemi ya maji moto. Aliwashauri waliache bomba lile watumie chemchemi nyingine. Wakafanya hivyo mwaka 1925, na baada ya miaka michache watoto wadogo wakaanza kuota meno safi. Kilichomo majini kilikuwa bado hakijajulikana. Mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipogundua kwamba ni floridi. Wazazi wa Oakley hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho, wakalinganisha mwaka wa bomba na umri wa watoto.

Katika Afrika ya Mashariki mahali panapojulikana zaidi kwa jambo hili ni kaskazini mwa Tanzania, kandokando ya Mlima Meru, Arusha na Kilimanjaro, na huko Kenya ni sehemu za Bonde la Ufa kama Nakuru na Naivasha. Maji ya huko yalikuwa na floridi nyingi kiasi kwamba mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda mpaka miligramu 8 katika lita moja ya maji ya vijijini, si kwa kupenda, bali kwa kuwa kuyakataza maji hayo kungekuwa kuwaacha watu bila maji kabisa. Baadaye kiwango kilishushwa mpaka 4, na hatimaye 1.5. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeshughulika na njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi, na Nakuru nako njia hiyo imetumika.

Tena huko Arusha ndiko palipoulizwa swali ambalo wazazi wengi hawaliulizi: watoto wenyewe wanaonaje? Mwaka 1993 watafiti van Palenstein Helderman na Mkasabuni walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya namna madoa haya yanavyogusa hali njema ya watu wa eneo hilo. Ilionekana kwamba madoa ya kahawia na vishimo huwatia watu haya hata mahali ambapo karibu kila mtu anayo. Wapo wanaodhani kwamba kijana wa kijiji chenye madoa hawezi kuona aibu kwa kuwa wenzake wote ni hivyo hivyo. Sivyo. Kijana hajilinganishi na jirani tu. Hujilinganisha na picha za matangazo, na nyuso za kwenye simu, na mgeni aliyekuja juzi kutoka mji mkuu, na pale mpakani hujilinganisha na kila anayepita.

Haya hii ina njia zake za kuonekana, na mzazi aliye mbali na nyumbani kwa kazi huenda asizitambue. Mtoto aliyekuwa akiimba kwaya anajitoa bila kueleza. Darasani anajua jibu, lakini hainui mkono. Katika picha ya familia anasimama nyuma, au anajitolea yeye kuwa mpiga picha. Mwingine huwa mkali, akapigana na kila anayecheka karibu naye, kwa kuwa hudhani kila kicheko ni chake. Walimu huandika kwamba ni mkimya au mkorofi. Mvulana mwenye hamu ya kuwa askari kama baba yake huogopa kwamba siku ya kupimwa afya atarudishwa kwa sababu ya rangi ya meno. Hofu hii hapaswi kuibeba peke yake. Madoa tu hayalifanyi jino kuwa dhaifu, na McKay mwenyewe aliona kwamba meno yenye madoa hayakuwa mepesi kuoza. Ni pale gamba lilipochimbika na kumeguka ndipo jino linapohitaji matengenezo.

Yafaa kutenganisha kabisa madoa haya na kuoza kwa meno, kwani mtoto mmoja huweza kuwa na vyote viwili. Kuoza huleta tundu, maumivu ya usiku, uvimbe na harufu. Huletwa na ukoga na sukari, na sukari siku hizi iko katika soda, biskuti na pipi zilizojaa kwenye vibanda vya njiani. Utafiti wa kwanza wa taifa juu ya afya ya kinywa nchini Rwanda, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu asilimia 65 ya waliopimwa walikuwa wamekwisha kupatwa na kuoza kwa meno, na zaidi ya nusu walikuwa na meno yaliyooza ambayo hayajatibiwa. Zaidi ya asilimia 70 hawakuwahi kumwona mtaalamu wa meno hata mara moja. Kijana mwenye jino bovu halali, hawezi kusoma, na pumzi yake humfanya awakimbie wenzake. Huyu ndiye anayehitaji mswaki wenye dawa ya floridi asubuhi na usiku, na kuzibwa jino mapema kabla halijafika kung'olewa. Pengo la mbele katika umri wa miaka kumi na minne ni mzigo mzito kuliko doa.

Ama mwenye madoa, jambo la kwanza la kumkataza ni kujitibu. Wako vijana wanaojifungia chooni wakasugua meno kwa mchanga, kwa majivu, kwa unga wa mkaa, au kwa ndimu. Mchanga hukwangua gamba, ndimu huliyeyusha, na gamba la jino likiisha halioti tena. Doa hubaki, na sasa jino linauma kwa maji baridi. Njia za kweli ziko kwa daktari wa meno. Madoa mepesi huweza kupunguzwa kwa kusuguliwa safu nyembamba sana ya juu kwa dawa maalumu, au kung'arishwa. Mabaka mazito na vishimo hufunikwa kwa ujazo mweupe unaofanana na rangi ya jino. Si lazima meno yote yashughulikiwe. Mara nyingi meno manne au sita ya mbele ndiyo yanayomtesa kijana, na hayo yakitengenezwa inatosha. Gharama si ndogo, na si kila bima hulipia kazi inayohesabiwa kuwa ya urembo, kwa hiyo mzazi aulize kwanza, na aulize kwa kutaja vishimo na kumeguka kama vipo, maana hayo ni ugonjwa na si urembo.

Lakini kabla ya daktari, kuna dawa ambayo haigharimu kitu, nayo ni baba kumwita yule binti aliyemwita mwongo na kumwambia kwamba amekwisha kujua asili ya madoa, kwamba si kosa lake, na kwamba aliponena anapiga mswaki alisema kweli. Wanaume wengi wa jeshini huona ugumu kuyafuta maneno waliyoyatamka mbele ya watoto. Mama anaweza kusaidia kwa kuanza yeye, hasa ikiwa naye alimlaumu. Kaka na dada wakatazwe kabisa kumpa mwenzao jina la utani la meno. Mzaha wa nyumbani ndio unaoumiza kuliko wa shuleni, kwa kuwa hauna saa ya kwenda nyumbani.

Wadogo zake ambao bado hawajafika miaka minane wangali na nafasi. Familia inapohamia kituo kipya karibu na milima ya moto, mama aulize mapema maji ya kunywa yanatoka wapi, na atazame meno ya watoto waliozaliwa na kukulia hapo, wenye miaka minane mpaka kumi na miwili. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, kama walivyofanya wazazi wa Oakley. Kuchemsha maji huua vijidudu na ni lazima kuendelee, lakini hakuondoi floridi. Maji yakichemka sana na kupungua, floridi yake huzidi kukolea. Penye bomba la maji yaliyopimwa, maji hayo na yawekwe kando kwa ajili ya watoto wadogo, hata kama ndoo za kufulia zinajazwa kwingine. Maji ya mvua ya karibu na mlima unaotoa moshi yasichukuliwe kuwa salama kwa sababu tu yametoka mbinguni, na yale ya manyunyu ya kwanza yanayoosha majivu ya paa yamwagwe.

Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floridi nyingi. Kumnyonyesha mtoto miezi sita bila kumpa maji wala kitu kingine humlinda mwanzoni kabisa. Baada ya hapo uji wake upikwe kwa maji yaliyo bora kuliko yote nyumbani. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina floridi yake, na haimfai mtoto wa miaka miwili. Dawa ya mswaki kwa aliye chini ya miaka mitatu iwe kiasi cha punje ya mchele, na kwa wa miaka mitatu mpaka sita kiasi cha punje ya njegere, tena mkubwa asimame karibu mpaka aiteme.